Fisi na Barua ya Matone Elfu Kumi

Ilikuwa wakati ule wanyama walipokuwa na simu lakini hawana maji. Mvua ilikuwa imekataa kabisa. Mto ulibaki mchanga mtupu, na ndege waliozoea kuimba asubuhi wakawa wananyamaza ili wasikaukiwe koo. Maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye kisima alichokichimba Tembo kwa pembe zake katikati ya mchanga wa mto.

Siku za mwanzo walipigana pale kisimani mpaka wakamwaga maji mengi kuliko waliyokunywa. Simba naye akagundua kwamba hana haja ya kuwinda tena. Akajilaza kando ya kisima, akawa anangoja chakula kije chenyewe. Tembo akaona mambo haya hayaendi. Akazungushia kisima ua wa miiba, mrefu, mzito, usiopenywa na jicho, akaacha tundu moja tu la kupitisha mkonga.

"Tangu leo hakuna kugombana," akasema. "Kaeni vivulini kwenu, mcheze."

Akawafundisha mchezo wa kwenye simu uitwao Bonde la Kijani. Kila nyumba ilipewa akaunti moja na kishamba chake humo ndani. Unapanda, unapalilia, unafukuza nzige, na kwa kila kazi unapata matone. Ukiwa na matone ya kutosha unakwenda kwenye tundu la ua saa yoyote uitakayo, unanong'ona jina la akaunti yako na neno lako la siri, na Tembo anakupimia maji kulingana na matone yako. Uso wako hauulizwi, na ndivyo walivyotaka wenyewe, kwa kuwa Simba bado alikuwa hai na bado alikuwa na njaa. Hata kwa harufu Tembo asingekujua, maana vumbi la kiangazi lilikuwa limemziba pua.

Basi wanyama wakatulia. Simu walichaji kwa jua, ambalo ndilo kitu pekee kilichokuwa tele. Na jambo la kuchekesha ni kwamba ndani ya simu mvua ilinyesha kila siku. Walikaa na ndimi zimekauka, wakilalamika kwamba mafuriko yamewaharibia mahindi.

Mchezaji hodari kuliko wote alikuwa Fisi. Si kwamba alikuwa na akili sana. Alikuwa hashibi. Wenzake walipopumzika yeye alipalilia. Walipolala yeye alifukuza nzige. Matone yake yakawa mengi, na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Kicheko kwa jina la binti yao wa kwanza, akawa hakosi kibuyu cha maji cha kuwanywesha watoto.

Fisi alikuwa mcha Mungu kwa namna yake. Kila Ijumaa alitubu ulafi. Kiangazi kile alifunga siku nyingi kwa kukosa chakula, akamwambia Mungu kwamba amefunga kwa kupenda. Kisha Jumamosi akaendelea kama kawaida.

Siku moja mchana simu yake ikalia. Barua pepe. Fisi akaisoma, akairudia, masikio yakamsimama.

"Mama Kicheko! Mama Kicheko, njoo! Mungu amejibu!"

"Amejibu nini?"

"Sikiliza. 'Mchezaji Mpendwa. Hongera! Umeshinda matone elfu kumi. Kwa bahati mbaya kumbukumbu zetu zimepotea, hivyo tunaomba utukumbushe jina la akaunti yako na neno lako la siri. Fanya hivyo kabla jua halijazama leo, la sivyo zawadi atapewa mwingine. Bofya hapa. Ni sisi, Ofisi ya Mzee Tembo.'"

Mama Kicheko akaacha kuchimba mizizi. "Mzee Tembo amepata ofisi lini?"

"Mtu mkubwa hakosi ofisi."

"Iko chini ya mti gani?"

"Wewe mwanamke, watu wanatupa matone elfu kumi, unauliza mti!"

"Baba Kicheko, ngoja kwanza. Nenda kamuulize mwenyewe. Kisimani si mbali."

"Niende mpaka huko, nipange maneno, nimsalimie, na unamjua Mzee Tembo. Ukimwamkia leo anaitika kesho. Jua litakuwa limezama, na zawadi amepewa Mbweha!"

Wazo la Mbweha akioga kwa matone yake lilimchoma Fisi moyoni kuliko kiu. Akabofya. Likafunguka bonde lilelile la kijani analolijua, na mvua ileile ikinyesha. Roho ikamtulia. Akaandika jina la akaunti: Fisi. Akaandika neno la siri, ambalo lilikuwa "nyama". Ukurasa ukamjibu: "Asante. Tafadhali subiri."

Akasubiri. Jua likazama akiwa bado anasubiri, tena kwa adabu.

Asubuhi alipofungua mchezo akaambiwa neno lake la siri si sahihi. Akajaribu "nyama" polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa kidole kingine. Ikakataa. Akakamata kibuyu, akakimbia mpaka kwenye tundu la ua, akanong'ona huku anahema, "Fisi. Nyama."

"Neno hilo limebadilishwa," sauti ya Tembo ikatoka nyuma ya miiba. "Na Fisi alikwishafika alfajiri, akachota matone yote."

"Fisi ni mimi, Mzee!"

"Naye alisema hivyohivyo. Tena yeye alikuwa na neno."

Fisi akafungua mdomo aeleze. Akaufunga. Angesema nini? Kwamba ameombwa ufunguo wa nyumba naye akautoa na kushukuru? Akasikia nyuma yake mtu anakuja, akaona aibu, akaondoka na kibuyu chake kitupu akikibeba kana kwamba kimejaa.

Nyumbani watoto walimpokea njiani. Kicheko akaingiza pua kwenye kibuyu, akainusa hewa iliyokuwamo, akamtazama baba yake. Hakulia. Kulia kunahitaji maji.

"Kesho," Fisi akamwambia. Mama Kicheko alikamua mizizi yake, akampa kila mtoto tone la uchungu, akaendelea kuchimba. Fisi angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Alikaa peke yake kando na simu yake, na shetani naye akaja kukaa karibu. Likamjia wazo. Kobe yuko kule chini, mzee, ana matone yake ya akiba, hana mtoto anayelia kiu. Barua ninayo. Naibadilisha kidogo tu, namtumia. Si kwa ajili yangu, ee Mungu, ni kwa ajili ya watoto.

Akaanza kuandika. "Mchezaji Mpendwa." Aliandika hivyo kwa sababu alikuwa halijui jina la baba yake Kobe. Hapo akasita kidogo. Mzee Tembo analijua. Mzee Tembo humwita kila mtu kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, na ukimpa nafasi anakutajia na mwaka babu yako aliovunjika mguu. Akaendelea. "Jibu kabla jua halijazama." Hilo aliliandika ili Kobe asipate muda wa kwenda kuuliza. Akasita tena. "Tukumbushe neno lako la siri." Hilo aliliandika kwa sababu alikuwa halijui.

Simu ikamwanguka.

"Anayeniuliza neno langu ni mtu asiyelijua," akasema kwa sauti. "Mzee Tembo analijua neno langu. Ndiye anayelipokea kila siku. Aniulize la nini?"

Akageuka. Kicheko alikuwa amesimama nyuma yake, ulimi nje, anasoma.

"Baba, unamwandikia nani?"

Fisi akaifuta barua ile herufi kwa herufi, mbele ya mtoto. Moyoni alijiona mdogo kuliko panya. Akasema, "Nilikuwa namwandikia Kobe jambo baya. Nimeacha."

Ijumaa ikafika. Ijumaa ilikuwa siku ya baraza. Tembo alitoka uani akaketi mchangani, na Simba aliapa kutomla mtu yeyote mpaka watu watawanyike. Fisi akasimama katikati. Miguu ya nyuma, ambayo hata siku njema huinama, ilikuwa karibu kugusa chini.

"Ndugu zangu, mimi nimetapeliwa. Nimeahidiwa matone elfu kumi, nikatoa neno langu la siri kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wangu alinikataza. Na baada ya hapo nikataka kumfanyia Kobe kilekile nilichofanyiwa. Kobe, nisamehe."

Wanyama wakacheka mpaka vumbi likatimka.

"Usijali, mwanangu," Kobe akasema taratibu. "Barua yako ningeimaliza kuisoma mwakani."

Aliyecheka zaidi ya wote ni Sungura. Sungura, mtoto wa mjini wa bonde lile, ngozi yake inang'aa wakati ya wenzake imepauka. Akaruka juu ya kisiki.

"Fisi, kaka yangu! Ulafi wako siku moja utakutoa meno! Sikilizeni niwafundishe. Barua isiyokutaja jina, iogopeni. Barua inayokuharakisha, ikimbieni. Barua inayotaka neno lako la siri, itupeni motoni. Na msibofye bofye ovyo, fungueni mchezo wenyewe mkaangalie humo kama mna zawadi. Hivi haya nayo yanataka shule?"

Wakampigia makofi. Fisi naye akapiga, kwa kuwa yote aliyoyasema Sungura yalikuwa kweli.

Makofi yalipotulia Pundamilia akakohoa. "Ehee... na mimi nilipata barua kama hiyo. Waliniambia akaunti yangu inafungwa."

"Na mimi," akasema Nguruwe Mwitu. "Nilidhani niko peke yangu."

"Na sisi," wakasema Swala, wote kwa pamoja, wakatazama chini.

Kila mmoja alikuwa ameibiwa, na kila mmoja alikuwa amekaa kivulini kwake na kiu yake na aibu yake, akiwacheka wengine kwa mbali. Macho yakamgeukia Simba.

"Mimi sikutapeliwa," Simba akanguruma.

"Lakini, Mtukufu, juzi nilikuona unalamba umande," akasema Swala mmoja.

"Niliandikiwa kwamba yuko simba mwingine anayejiita mfalme kwenye mchezo, na kwamba nithibitishe cheo changu kwa kutaja neno langu la siri. Nikathibitisha. Sikuibiwa. Nilithibitisha." Akageuza uso. "Na kama kuna aliyenufaika, basi ilikuwa sadaka."

Hakuna aliyecheka. Ijumaa ilikuwa inaelekea ukingoni, na watu walikuwa karibu kutawanyika.

Tembo alikuwa akisikiliza muda wote huo, masikio yakipunga. "Fisi, mwana wa Madoa, mjukuu wa Mfupahaukai," akasema hatimaye, "nisomee hiyo barua."

Fisi akaisoma. Alipofika kwenye "kumbukumbu zetu zimepotea," Tembo akainuka, na Tembo akiinuka kwa hasira hata mchanga unajua.

"Kumbukumbu za nani? Mimi? Mimi nimesahau? Nakumbuka mvua iliyonyesha siku alipozaliwa mama yangu!"

"Mama yako, Mzee?" akauliza Kobe.

"Nilisimuliwa, na sikusahau!" Akaketi tena. "Ninyi nyote mnanijua. Nani amewahi kuniona nimesahau? Nani amewahi kuniona nina haraka?"

Kweli, hakuna.

Baraza lilipopumzika kidogo, Mama Kicheko akamsogelea Tembo, akaamkia, akangoja aitikiwe. Kisha akasema chinichini, Fisi akiwa pembeni yake.

"Mzee, mwizi huyu simjui kwa sura, ila tabia yake naijua, nimeolewa nayo. Hashibi. Akisikia mume wangu amepata kitu tena, ataandika tena. Tumpe neno ambalo halijui mtu mwingine duniani. Atakayekuja kulinong'ona kwenye tundu, ndiye."

Tembo akafikiri, kwa muda wake. Kisha akarudi barazani akatangaza.

"Kila nyumba itapata akaunti mpya. Kwa kuwa Fisi ndiye aliyefungua mdomo, na wanawe ndio waliokauka zaidi, nampa matone ya msimu mzima. Kesho jua likichomoza ndiyo mwisho wa kuyachota. Asipoyachota yanarudi kisimani."

Wanyama wakaguna kwa wivu. Sungura hakuguna. Masikio yake yalisimama wima, na aliyekuwa akimtazama wakati ule ni Kobe peke yake, ambaye bado alikuwa anafikiria habari ya mama yake Tembo.

Fisi na mkewe walikuwa hawajafika nyumbani, simu ikalia.

"Mama Kicheko, ndiyo hii! 'Mchezaji Mpendwa.' Umeona? Hakutaja jina. 'Sisi ni Idara ya Kurejesha Akaunti Zilizoibwa.' Umeona? Juzi ofisi, leo idara. 'Tutakurudishia kila kitu ulichopoteza, haraka, tupe neno lako jipya la siri.' Umeona? Hana! Anauliza kwa sababu hana!"

"Nimeona, Baba Kicheko. Punguza sauti."

"Lakini..." Fisi akameza mate. "Anasema atarudisha kila kitu. Na juu yake ataongeza matone elfu tano."

Mama Kicheko akamtazama.

"Nasema tu," akasema Fisi.

Wakabofya, safari hii kwa makusudi. Neno walilokubaliana na Tembo alilitunga Fisi mwenyewe, na halikumpa taabu hata kidogo. Akaandika: "Paja la nyati la kushoto lile lenye mafuta."

Nyumbani kwake, upande wa pili wa majabali ya bonde, Sungura alilisoma akagaagaa kwa kicheko. Lilikuwa neno la Fisi hasa. Asingeweza kulitunga mtu mwingine. Hakuuliza kwa nini limepatikana kirahisi, wala hakuuliza kwa nini mwisho ni jua likichomoza. Yeye aliyewafundisha wenzake kukimbia barua inayowaharakisha, alikimbia kweli, ila kuelekea kisimani.

Mbingu ilikuwa inaanza kupauka alipofika kwenye tundu akiwa na vibuyu shingoni.

"Fisi," akanong'ona.

"Neno?"

Sungura, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuonja kitu chenye damu, akajikaza. "Paja la nyati la kushoto... lile lenye mafuta."

"Rudia. Sikusikia."

"Paja la nyati, Mzee! La kushoto! Lile lenye mafuta! Fanya upesi, jua linachomoza!"

Mkonga ukatoka tunduni, ukakipita kibuyu, ukamshika masikio.

Wanyama walipoitwa walimkuta ananing'inia juu ya ua, vibuyu vinagongana. Tembo akambeba hivyohivyo, wakaenda wote mpaka kwake nyuma ya majabali, na huko wakaona kilichowafanya wasimame. Palikuwa na bonde la kijani. Si la kwenye simu. Mchicha, maboga, majani mabichi yanayodondosha maji, vyote vimemwagiliwa kwa kiu ya watoto wao. Pembeni palikuwa na birika la jiwe limejaa, na ukingoni nyayo za mtu aliyekuwa akioga.

"Nilikuwa nawatunzia," akasema Sungura huku bado ananing'inia kwa masikio. "Mngeyamaliza."

"Na mimi?" Simba akauliza, sauti yake ikishuka mpaka ikawa ya kutisha. "Yule simba mwingine anayejiita mfalme yuko wapi?"

"Hayuko, Mtukufu. Hajawahi kuwako."

"Nilijua," akasema Simba. Akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayekadiria nyama. "Ijumaa imepita, Mzee Tembo."

"Usimle," akasema Tembo. "Akiliwa, nani atarudisha maji?"

Ikaamuliwa hivi. Sungura atabeba maji yote kutoka birikani, kibuyu kwa kibuyu, mpaka kila nyumba iliyoibiwa ipate haki yake. Bustani italiwa na wale wanaokula majani, naye atazame. Na tangu siku hiyo Sungura hatakuwa na neno la siri. Akitaka maji atakuja mchana, mbele ya watu, ataje jina lake kwa sauti kubwa, na aliye na kiu kuliko yeye anywe kwanza. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Kufanya kazi aliweza kuvumilia. Kuishi bila siri hakuwahi kujaribu.

Nyumba ya kwanza aliyoipelekea maji ilikuwa ya Fisi. Kicheko na wadogo zake wakatumbukiza nyuso zao humo humo kwenye kibuyu, wakanywa, wakapaliwa, wakacheka, wakanywa tena. Fisi alisimama mbali akiwatazama mpaka mwisho, na Mungu ndiye shahidi, hakuwasogelea kuomba hata funda moja.

Jioni yake alikuwa amekaa mlangoni anamshukuru Mola, simu ikalia. Kumbe sungura wa mabonde mengine nao wana simu, na habari za kisa kile zilikuwa zimeshawafikia. Akaisoma barua polepole.

"Bwana Fisi, mwana wa Madoa, mjukuu wa Mfupahaukai. Shikamoo. Hatuna haraka nawe. Umeshinda paja zima la nyati, la kushoto. Ukipata nafasi, bofya hapa."

Safari hii walikuwa wametaja jina. Hawakumharakisha. Wala neno la siri hawakuliuliza. Fisi akatafuta dalili zote alizojifunza, hakuiona hata moja. Akaiona tu ile aliyozaliwa nayo. Mate yalikuwa yanamdondoka juu ya kioo, na kidole chake kilikuwa kimeshaanza kushuka.

"Mama Kicheko!" akapiga kelele, simu ameiinua juu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nyoka. "Njoo uichukue hii simu! Njoo upesi! Mimi najijua!"